Ukisema hutaki uchaguzi, sheria inasemaje?

Mwanangu, hapa kijiweni Ngamiani, Tanga, nimesema uchaguzi unatumalizia pesa tu, bora turudishiwe liwali mwadilifu, yule mtawala wa mji wa enzi za zamani. Mjukuu wangu ananitisha, ati huo ni uhaini. Kweli?

Shikamoo mzee wangu, malizia kahawa yako. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyatoa, na kumtamani liwali ni maoni. (Ila maliwali wa zamani waliwekwa na wakubwa, Ngamiani haikuulizwa. Huyo wako mwadilifu atateuliwa na nani?)

Sisi vijana wa Makorora tunataka kuanzisha chama cha kufuta uchaguzi. Kitasajiliwa?

Ibara ya 20 inasema chama hakikataliwi kwa sababu tu ya itikadi au falsafa yake. Msishangilie kwanza. Ibara hiyohiyo inakizuia chama chenye kukubali matumizi ya nguvu kufikia malengo yake, chenye kutaka kuvunja Muungano, cha kupigania dini au kabila fulani, na kisichoruhusu viongozi wake kuchaguliwa kwa vipindi na kidemokrasia. Kwa hiyo chama chenu cha kupinga kura kitapiga kura: karatasi, sanduku, mtu wa kuhesabu na wa kulalamika kwamba ameibiwa. Halafu kufuta uchaguzi ni kubadili Katiba, na Ibara ya 98 inadai angalau theluthi mbili ya wabunge wote. Hao mtawapataje bila kuomba kura?

Nisipokwenda kupiga kura nitakamatwa?

Hapana. Ni haki, si kodi.

Na nikihamasisha watu wauzuie uchaguzi?

Hapo jihadhari. Kususia ni kubaki nyumbani kwako. Kuzuia ni kumzibia jirani njia ya kituoni. Aprili 2025 mwenyekiti wa chama cha upinzani Chadema, Tundu Lissu, alishtakiwa kwa uhaini kwa maneno yanayodaiwa kuwa ya kuhamasisha kuzuia uchaguzi. Kosa hilo adhabu yake ni kifo na halina dhamana. Kwangu mimi, kulipeleka kosa zito hivyo kwenye maneno ya jukwaani ni kulivuta mno.

Nchi nyingine zinafanyaje?

Ujerumani, iliyomwona Hitler akiingia madarakani kwa njia za kisheria, iliandika kwenye katiba kwamba chama kinachotaka kuuangusha mfumo wa kidemokrasia kinaweza kupigwa marufuku na mahakama. Kimoja kilifutwa 1952, kingine 1956. Mwaka 2017 chama cha siasa kali za kulia, NPD, kilinusurika: majaji walikubali nia yake ni hiyo, ila hakikuwa na nguvu ya kuitimiza.