Hofu ya kupanda basi baada ya ajali

Pole sana, dada yangu. Umeeleza kuwa miezi minne tangu basi lenu lipinduke bado unaiota ajali, moyo wako huenda mbio ukisikia breki, na nyumbani wanakuhimiza usahau. Dalili kama hizo zikizidi mwezi mmoja huhitaji tiba, wala si upungufu wa imani. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie kitengo cha afya ya akili; mwanasaikolojia atakusaidia kuisimulia ajali kwa utaratibu na kuizoea safari kidogo kidogo, pengine kwa kuanza na kuketi tu ndani ya basi lililosimama kituoni. Usinunue dawa za usingizi bila daktari, kwani baadhi huleta uraibu. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usisubiri miadi: mwombe unayemwamini akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.