Re: Takwimu zinasema wanaume, bibi zangu wanasema wanawake, nimfuate nani?

Mambo mkuu. Kwa hiyo jedwali lako la ajira la miaka ya mageuzi ya uchumi Tanzania linaonyesha wanaume ndo wengi kwenye ajira ya mshahara, ila bibi zako wa Moshi wanakwambia wanawake ndo walilisha nyumba, na umekwama hapo.

Kabla ya yote cheki kama jedwali limehesabu kazi kuu tu. Mi nilivyohoji watu wa huku ndo nikagundua mwalimu aliyekuwa anauza maandazi jioni anasomeka mwajiriwa, na mama anayeshusha ndizi sokoni Kiboriloni anasomeka mkulima, biashara yake haionekani kabisa, yani jedwali na bibi zako wote wanaweza kuwa sahihi.

Halafu tenganisha miaka, usirundike. Baada ya serikali kukubaliana na IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) 1986 mshahara wa serikali haukutosha hata chakula cha mwezi, mke akaingia kwenye biashara ya mbege (pombe ya ndizi), vitafunwa, mitumba. Kupunguzwa kazini kukaja zaidi miaka ya 90, na mzee akirudi nyumbani hakai kwenye meza ya biashara ya mkewe, anatafuta kazi ya gereji au gari.

Kahawa usiisahau, Uchagani (kwa Wachaga wa Kilimanjaro) hela yake ilikuwa ya baba, na hela ya ndizi ilikuwa ya mama, so wanunuzi binafsi wa kahawa walivyoruhusiwa 1994 haikuwagusa sawa.

Bibi usimuulize "ulifanya kazi?", atakujibu hapana, nilikuwa nyumbani tu. Muulize ada ya watoto ilitoka wapi.