Fua huo uzi kwanza, dada! (jibu kwa mleta mada wa mashuka ya harusi)

Mleta mada, weka sindano chini. Nimeona picha uliyobandika: uzi mwekundu na mweusi usio na lebo, umemwagwa juu ya poplini nyeupe pee, na chini umeandika "muuzaji kaniambia niuloweke kwenye siki na chumvi usiku mmoja, hauchuji tena." Nilisoma hapo nikasonya peke yangu ndani ya daladala mpaka kondakta akadhani namsonya yeye.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu anataka kudarizi shuka mbili na foronya nne kwa ajili ya mdogo wake anayeolewa Desemba, mawaridi mekundu yenye vikonyo vyeusi. Anauliza anunue fremu ya ukubwa gani, sindano namba ngapi, petali azijaze kwa mshono upi, na baadaye akitaka kuifanya biashara auze seti kwa bei gani. La siki hata hakuliuliza, kalitaja kama jambo lililokwisha. Ndilo linaloniwasha.

Siki haizuii uzi wa pamba kuchuja. Rudia mara tatu ndipo uendelee kusoma.

Na usidhani anayekuambia ni mtu aliyeshika sindano jana. Bibi yangu alikuwa anashona kofia za viua, na mimi nimekulia miguuni pake nikichezea mabaki. Shuleni kwenye sayansi kimu nilikuwa yule mtoto ambaye mwalimu anazungusha kitambaa chake darasa zima (msinichukie). Nikaja kufuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, vya kwetu na vya majirani, mpaka redio ikavikwa. Mfarishi wa vipande vya vitenge nimeshona, na mgongo bado unaukumbuka. Sasa ona mtego ulipokuwa: kofia ya viua ni uzi mweupe au wa rangi ya maziwa juu ya kitambaa cheupe. Vitambaa vya makochi kwetu vilikuwa vyeupe. Wale wazee walikuwa na akili kuliko tulivyowadhania, maana nyeupe ikichuja juu ya nyeupe inachuja nini? Kwa hiyo nilifika utu uzima mkono umezoea kila mshono, ila sijawahi kuiogopa rangi hata siku moja.

Nikapata oda. Shangazi wa bibi harusi alitaka seti ya mawaridi, hivyo hivyo kama yako, akatoa arubuni ya maana. Nikaenda sokoni, nikamkuta muuza nyuzi mwenye ulimi wa asali, bei yake nusu ya zile zenye lebo, na ule wekundu, wallahi, ulikuwa unaniita kwa jina. Nikauliza, "Hauchuji huu?" Akacheka. "Dada, siki na chumvi, usiku mmoja, rangi inakamata." Na mwalimu wa kundi langu la WhatsApp, ambaye tulikuwa tunamlipa ada kila mwezi, naye akathibitisha, akaongeza la kwake: ukimaliza kudarizi piga pasi ya moto upande wa nyuma, rangi inakaa milele. Baadaye nilikuja kujua uzi ule ule na yeye alikuwa anauuza, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine, tena yenye matusi.

Nikaloweka. Maji yakatoka mekundu, nami nikajipongeza kwamba siki inafanya kazi. Jamani! Rangi inatoka mbele ya macho yangu, mimi nafurahi. Asubuhi nikasuuza mara moja, nikaanika, nikaanza.

Nilidarizi masika yote, mvua inapiga bati, mimi na fremu yangu dirishani kufuata mwanga. Na kazi ilitoka. Sisemi kwa majivuno. Haya, nasema kwa majivuno: petali nilizijaza kwa nyuzi mbili mbili, mshono ukalala kama manyoya ya njiwa, na nyuma ya kitambaa hukuti fundo hata moja.

Karibu na siku ya kukabidhi, shuka lilikuwa na mistari ya peni niliyochorea maua, na uchafu wa vidole pale fremu ilipokuwa inabana. Nikalifua. Maji vuguvugu, sabuni ya unga, kwa mkono, kwa adabu zote. Ndani ya beseni sikuona cha kunitisha. Nikakamua, nikalikunja mara mbili kwenye kamba kwa sababu uwanja wetu ni mdogo, nikaingia ndani kupika.

Nilipotoka kulikunjua, kila waridi lilikuwa limepata pacha. Upande uliogusana na maua ulikuwa na maua mengine, ya pinki, yamegeuka kushoto kulia, yenye petali zake na vikonyo vyake vya kijivu, yamechapwa kabisa. Na kuzunguka maua yenyewe rangi ilikuwa imetambaa ikifuata mtande na mshindio wa poplini, zile nyuzi za wima na za mlalo, ikaacha vijimsalaba vya pinki kila pembe. Ukilisogeza karibu na macho unaona hadi uzi mmoja mmoja uliokunywa rangi na jirani yake aliyeponea chupuchupu.

Shuka lilikuwa bado bichi. Hapo, dada, lilikuwa bado linaokoka! Lakini nilimkumbuka mwalimu wangu wa ada ya mwezi. Nikachomeka pasi. Moto wa juu kabisa, upande wa nyuma, kama nilivyofundishwa. Ile pinki nikaipika ikaiva.

Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Mawaridi yakawa rangi ya chungwa, vikonyo vikawa kahawia ya chai ya rangi, na pinki pale pasi ilipopita ikabaki inanitazama. Shangazi alikuja, akalitandaza, akaliangalia muda, akauliza kwa upole wote, "Mwanangu, hili limekwisha au bado?" Nilirudisha arubuni yote. Kitambaa nilikuwa nimenunua mimi, uzi mimi, na masika yalikuwa yangu pia. Shuka lipo kwangu hadi leo, wageni wakilala wanalisifu, wananiuliza nilipataje wazo la vivuli vya pinki. Nawajibu ni ubunifu. Mume wangu aliuliza mbona foronya sikuzifanya hivyo hivyo ziendane. Siku hiyo alikula kiporo.

Nikamrudia muuzaji na shuka mkononi. Unajua alisema nini? "Labda siki ilikuwa kidogo." Yaani hata hakupepesa macho. Na mwalimu? Eti pengine nilitumia siki ya kahawia badala ya nyeupe. Watu hawa kosa haliwafikii, daima lipo kwenye siki. Nikatoka kwenye kundi bila kuaga, na ada ya mwezi huo ilikuwa imeshalipwa.

Sasa sikiliza sababu, maana ilibidi nisome nikiwa nimeshaungua. Siki ni asidi, na asidi inasaidia rangi fulani kushika sufu na hariri, vitu vya mnyama. Pamba ni ya mmea, na siki haina kazi nayo. Muulize yeyote anayetengeneza batiki anatia nini kwenye rangi: atakutajia magadi au kostiki soda, vitu vilivyo kinyume kabisa cha siki. Chumvi wapaka rangi huitumia, kweli, lakini wakati uzi uko ndani ya chombo cha rangi, ili kuisukuma rangi iingie kwenye pamba. Ukiitia wiki tatu baadaye jikoni kwako umetengeneza achari tu. Zipo rangi zinazojishikiza kwenye pamba bila kuungana nayo, kila zikiloa zinaachia kidogo, na uzi usio na lebo huwezi kujua umetiwa ipi. Zipo zinazoungana na pamba yenyewe, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1956, na zipo zinazogeuka kuwa punje zisizoyeyuka ndani ya uzi. Hizo ndizo unazozitaka. Ila hata uzi wa aina hiyo, ukiwa mwekundu mzito au mweusi, unaweza kutoka kiwandani na rangi ya ziada ambayo haikusuuzwa ikaisha.

Utaona mtandaoni mashuka ya kale ya Kimarekani, ya mwishoni mwa karne ya 19, yamedariziwa kwa uzi mwekundu mtupu juu ya nyeupe, na bado masafi. Usijipe moyo nayo. Wale walitumia nyekundu ya Kituruki, rangi iliyosifika kwa kutochuja, ambayo kwa asili ilitoka kwenye mizizi ya mmea na kupitishwa hatua nyingi za mafuta na shabu. Walichagua nyekundu kwa sababu hiyo ndiyo iliyoaminika. Wewe umeichagua kwa sababu imependeza, kama mimi.

Na kinachoniuma, hili unalijua! Kanga mpya nyekundu unaweza kuitia beseni moja na shati la shule la mtoto? Huthubutu. Unaifua peke yake, tena unamwambia na dada wa kazi. Halafu uzi mwekundu unaushindilia ndani ya poplini nyeupe bila hata kuujaribu.

Kwa hiyo: fua uzi kabla ya mshono wa kwanza. Kila uzi, kila rangi, hata wenye lebo. Kata kipande cha urefu wa kiganja, kitie kwenye bakuli jeupe, maji ya moto na sabuni ile ile utakayofulia shuka, ukiache robo saa. Kitoe kikiwa kimeloa, kilaze kwenye kipande cha poplini yako hiyo hiyo, kunja, weka sahani juu, ulale. Usikikaushe haraka, maana rangi inatambaa pale kitu kinapokauka polepole. Asubuhi poplini ikiwa nyeupe, fua mafungu yote vivyo hivyo, anika, anza kazi kwa amani. Ikiwa na pinki, suuza fungu zima kwa maji ya moto, badilisha maji, suuza tena, kisha rudia jaribio. Kama ilikuwa rangi ya ziada, itafika mahali maji yanatoka safi. Kama kila beseni linatoka na wekundu ule ule, huo uzi una rangi ya kukodi, mwenyewe atakuja kuichukua siku ya harusi. Mrudishie muuzaji.

Poplini nayo ifue kabla. Ina wanga wa kiwandani, na pamba mpya inarudi. Ikirudi baada ya kudarizi, maua yanabaki na makunyanzi.

Ikitokea umeshadarizi na kimechuja, usianike, usipige pasi, usiguse klorini. Kirudishe majini kikiwa bado kibichi, beseni kubwa, maji mengi ya moto na sabuni nyingi, kielee bila kujikunja, badilisha maji kila yakiwa na rangi, hata kama utakesha. Maji yawe mengi, rangi ikose pa kutua. Kikishakauka, nafasi inapungua sana. Kikishapigwa pasi, njoo tuanzishe chama.

Ukitaka kupunguza presha nunua nyuzi zenye lebo, kama hizi za DMC za Ufaransa: fungu moja lina mita 8, limesokotwa kwa nyuzi sita unazozitenganisha mwenyewe, na kila rangi ina namba yake. Nyeusi ni 310 popote utakaponunua, kwa hiyo ukiishiwa katikati ya kikonyo unapata ile ile. Za kufunga na mpira bila lebo, ukirudi wiki ijayo mwekundu umeshakuwa binamu yake. Na hizo za lebo nazo unazijaribu chini ya sahani, tusielewane vibaya.

Sindano: za kudarizi, namba ikipanda sindano inazidi kuwa nyembamba, kwa nyuzi tatu namba 7 inakutosha. Hayo mengine uliyouliza wadau wapo, watakujibu. Mimi nasubiri picha moja tu hapa kesho asubuhi, ya hicho kipande cha poplini. Na ukienda kumrudishia muuzaji, akikuambia siki ilikuwa kidogo, usibishane naye. Chukua hela yako uondoke.