Hekalu la Ezekieli: maswali yenu kuhusu ramani, ngazi na lile lango

Nimejaribu kulichora nimekwama, mbona kimo cha jengo sikioni?

Hujakosea ndugu, hakipo. Kwenye kitabu chake cha Biblia, Ezekieli ni kuhani, yuko uhamishoni Babeli, mji wa Yerusalemu ulishapigwa miaka 14 nyuma, na kwenye maono ya hekalu anazungushwa na jamaa mwenye mwonekano wa shaba ameshika mwanzi wa kupimia wa dhiraa 6, kama mita 3 hivi. Ukuta wa nje unapimwa kimo, madhabahu inapimwa, ila nyumba yenyewe ya hekalu tunapewa urefu na upana tu, wakati ile ya Mfalme Sulemani tunaambiwa kabisa kimo dhiraa 30. Kwa hiyo picha zote mnazoona mitandaoni, paa ni la mchoraji.

Sasa malango makubwa vile ya nini?

Hapa ndo penyewe. Kila lango dhiraa 50 kwa 25, vyumba vya walinzi vitatu huku vitatu huku, na nyumba nzima ni dhiraa 100 tu! Malango ya ramani hiyo yamechimbuliwa Megido, Hasori na Gezeri, ila yale ni ya miji yenye ngome, Ezekieli kayaleta hekaluni. Sababu iko sura ya 43 na 44, Mungu analalamika wafalme waliweka kizingiti chao ubavuni mwa kizingiti chake na watu wasiohusika wakawa wanaingizwa ndani, basi safari hii anayeingia anachujwa: ngazi 7 kufika ua wa nje, 8 tena ua wa ndani, halafu mlango wa Patakatifu upana dhiraa 10, wa ndani kabisa 6, yaani unavyozidi kuingia unapanda na njia inabana.

Lango la mashariki lililozibwa Yerusalemu leo ndo lile?

Hapana. Kuta za mji mnazoziona ni za Sultani Suleiman wa Waturuki, karne ya 16. La Ezekieli limefungwa kwa sababu utukufu wa Mungu umepita hapo, na mkuu (mtawala wa watu) anaruhusiwa kukaa humo kula mkate.

Sanduku la agano liko wapi?

Halitajwi. Kinara cha taa nacho hakitajwi. Ndani kuna madhabahu ya mbao ambayo yule mwenye mwanzi anaiita meza, na kuta zimechorwa mitende na makerubi wenye nyuso mbili, ya mtu na ya simba.

Eti kuna jiko?

Yapo kibao, sura ya 46, kila pembe ya ua wa nje moja, dhiraa 40 kwa 30, za kuchemshia nyama ya sadaka. Jiko limepewa vipimo, paa la hekalu halijapewa.