Jibu: Je, teknolojia ndiyo inayobadilisha dunia, au ni watu?

Ndugu yangu, umeuliza kama kweli teknolojia ndiyo inayosukuma mabadiliko, au watu hubadilika wenyewe halafu mashine ndiyo ikapewa sifa. Mimi pia ni mwanafunzi, niko Mwanza, na swali lako nimelitazama kwa upande wa ziwani.

Dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo. Kwa miaka mingi taa ilikuwa karabai: mafuta ya taa, pampu, na kioo kinachopasuka kikirukiwa na maji ya baridi. Siku hizi mitumbwi mingi inabeba taa za LED za betri, nyingine huchajiwa kwa jua. Mafuta yaliyokuwa yakila mapato kila usiku yamepungua. Hapo teknolojia imesukuma kweli kweli.

Lakini nenda mwaloni asubuhi, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Dagaa yule yule bado anaanikwa mchangani pasipo na chanja, yaani jukwaa la kuanikia, na mvua ikinyesha anaharibika, anaishia kuuzwa bei ya chakula cha kuku. Wanaoanika wengi ni akina mama, na mtaji wa chanja hawana. Hili linaniuma.

Simu nayo imefanya yake. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na leo mchuuzi wa soko la Kirumba hapa Mwanza analipia mzigo bila kubeba noti.

Kwa hiyo naona teknolojia inasukuma, ila inaanzia kwa mwenye uwezo wa kuinunua. Ukiandika insha yako, uliza pia fundi karabai anafanya kazi gani sasa.