Mifumo ya habari au uprogramu, na laptop huna

Mdogo wangu wa Ngamiani, nimekuelewa: umemaliza kidato cha nne, hujui uchukue kozi ipi kati ya hizo mbili, na laptop huna.

Ukipenda kujua taarifa za mzigo wa bandarini zinavyoandikwa, zinavyotafutwa, na nani aruhusiwe kuziona, chukua mifumo ya habari. Uprogramu, yaani kuiandikia kompyuta maagizo, unataka subira zaidi. Mimi nilikuwa naandika msimbo, yaani hayo maagizo, kwenye daftari usiku, asubuhi nauchapa kwenye kompyuta ya kibandani kwa watu. Nukta pacha (:) moja niliyoisahau ilinila saa mbili. Kabla ya kulipa ada jaribu Python, lugha ya uprogramu, ni ya bure: andika programu ya kujumlisha mauzo ya genge la mama.

Tafadhali sana, hakikisha NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, inakitambua chuo na kozi yenyewe. Stashahada (diploma) ni ngazi ya 6 kwenye mfumo wao wa tuzo. Ukikuta utata, waulize wao, usimtegemee dalali.