Telefone mpya inajifinya yenyewe? Usikimbilie kubadilisha kioo

Wiki hii msomaji mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi: «Yaya, telefone yangu ya mupya iko inajifinya yenyewe. Inafungua WhatsApp, inaandika maneno, inaita watu usiku. Fundi anasema kioo kimekufa, nilete kingine.»

Swali langu ni moja: inafanya hivyo ikiwa kwenye chaja? Kama ndiyo, acha kioo chako mahali kilipo. Vioo vizima vinang'olewa katika mji huu kwa makosa ya chaja, na fundi anayeshika bisibisi kabla ya kuchomoa chaja hajui anachotafuta. Wenzangu wa meza za ufundi watanisamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Kioo cha takitili (cha kugusa) hakipimi nguvu ya kidole. Chini yake kuna wavu wa mistari myembamba isiyoonekana, iliyotengenezwa kwa oksidi ya indiamu na bati, na wavu huo hubeba chaji ndogo sana ya umeme. Kidole kinapitisha umeme, kwa hiyo kikikaribia kinavuta sehemu ya chaji hiyo, na chipu inayopima wavu mara makumi kwa sekunde inajua ni mahali gani. Ndiyo sababu ncha ya ukucha haifanyi kitu lakini tone la mvua linafungua programu.

Chaja nayo inapokea umeme wa ukutani, volti 220, na kuushusha hadi volti 5 kwa kuukata na kuuwasha makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ukataji huo unazaa kelele ya umeme. Chaja nzuri ina koili na kapasita za kuchuja kelele hiyo. Chaja ya bei ya chini ya barabarani mara nyingi imeondolewa vichujio ili bei ishuke. Kelele inafuata kebo mpaka ndani ya simu. Ukigusa kioo, mwili wako unakuwa njia ya kelele hiyo, na chipu inasoma vidole vitatu penye kimoja, au inaona kidole mahali ambapo hakuna mtu. Nyumba ambazo waya wa ardhi haujafungwa, na hizo ni nyingi huku kwetu, huzidisha tatizo.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Chomoa chaja, futa kioo, tumia simu kwa dakika kumi. Ikitulia, ichaji kwa pawabenki kwa kebo ileile. Ikiendelea kutulia, kebo haina kosa. Kosa liko kwenye chaja au kwenye laini ya nyumba. Jaribu chaja nyingine kwenye soketi ileile: ikitulia, chaja ya kwanza ni ya kutupa. Chaja zote zikileta fujo, peleka chaja yako nzuri nyumba nyingine, au epuka ile ralonji (waya wa kurefusha umeme) yenye vichwa sita inayolisha pia televisheni na friji. Lakini fujo ikianzia kwenye pawabenki, badilisha kebo kwanza.

Ikijifinya hata bila chaja, ndipo tunaanza kushuku simu yenyewe, na hata hapo kioo hakiji cha kwanza. Toa kioo cha kinga. Vile vya bei rahisi vina gundi pembezoni tu, katikati kuna hewa. Unyevu na vumbi vikiingia pale, mguso unapotea au unahama. Chukua chenye gundi uso mzima, unene wa milimita 0.3 hivi unatosha. Kisha laza simu juu ya meza iliyo sawa na uitazame ubavuni: kama mgongo umevimba au ukingo wa kioo umenyanyuka, betri imefura na inasukuma skrini kutoka ndani. Usiichaji tena, usiibane, usiitoboe. Baada ya hapo jaribu hali salama: shikilia kitufe cha kuzimia, neno «Éteindre» likitokea lishikilie kwa muda, na kwenye simu nyingi itakuuliza kama unataka «mode sans échec». Katika hali hiyo programu zote ulizoweka mwenyewe zinalala. Simu ikitulia hapo, tatizo ni programu, mara nyingi hizi zinazojiita za kusafisha simu na ambazo hazisafishi chochote. Isipotulia, sasa ndiyo, zungumza na fundi juu ya kioo. Kama simu iko kwenye garanti, mrudie aliyekuuzia ukiwa na boksi na risiti kabla ya mtu yeyote kuifungua. Ikishafunguliwa pembeni, muuzaji amepata sababu.

Haya yote ni rahisi kuyagundua kabla ya kulipa, na hapa ndipo watu wetu wanapochoka haraka. Mtu anaenda Marché Mzee au soko la komini ya Kenya, anahesabu kamera nyuma ya simu, anapiga selfi, analipa. Dakika kumi zingemwokoa.

Fungua «Paramètres», nenda «À propos du téléphone», tafuta «Numéro de build» (kwenye simu nyingine iko ndani ya «Informations sur le logiciel») na uiguse mara saba. Menyu mpya inatokea, «Options pour les développeurs». Ndani yake washa «Emplacement du curseur». Sasa kila mguso unachora mstari kwenye skrini. Telezesha kidole polepole kutoka juu hadi chini, kisha tena pembeni yake, mpaka umejaza skrini nzima kwa mistari iliyo karibu karibu, halafu fanya hivyo kwa upana. Usisahau kingo na pembe nne, na sehemu ya chini kabisa ambako kibodi hukaa. Vioo vya kopi hufia hapo kwanza. Mstari ukikatika mahali palepale kila unapopita, pale pamekufa. Mstari ukitetemeka kama mwandiko wa mtoto, kuna kelele. Rudia zoezi lote simu ikiwa kwenye chaja iliyotoka ndani ya boksi. Muuzaji akikataa kuiweka kwenye umeme, umeshapata jibu. Ukimaliza, zima ile menyu.

Piga simu moja pia na uweke sikioni: skrini lazima izimike. Kama haizimiki, kihisi cha juu kimefunikwa au kimekufa, na shavu lako litakuwa linakata mazungumzo kila siku.

Bofya *#06#. Namba ya IMEI, tarakimu 15, lazima ilingane na ya kwenye boksi. Simu ya laini mbili ina mbili. Ni namba hiyohiyo iliyobeba ile kodi ya RAM (Registre des appareils mobiles, daftari la serikali la simu) iliyotukata unite (salio la simu) kuanzia 2020 mpaka ilipofutwa 2022, kwa hiyo wengi tunaikumbuka kwa uchungu, lakini ndiyo kitambulisho cha simu ikiibwa. Iandike kwenye karatasi, uiache nyumbani.

Kwa simu za okazioni (zilizokwisha kutumika) kuna mtego mkubwa kuliko wote. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyorudishwa mwanzo bila akaunti ya Google kuondolewa inadai akaunti ya mwenyewe wa zamani. iPhone zina kufuli kama hiyo tangu iOS 7 ya 2013. Mwambie muuzaji aondoe akaunti na aifute simu mbele yako, kisha iwashe na kuunganisha intaneti. Ikiuliza anwani ya mtu usiyemjua, mrudishie simu yake na uondoke. Usikubali maneno ya «nitakufungulia kesho». Simu iliyotoka Marekani iangalie mara mbili: huko mitandao ya zamani ilijengwa juu ya 850 na 1900 MHz, sisi tuko 900 na 1800, na nyingine zimefungwa kwa kampuni moja. Weka kadi yako, piga, fungua ukurasa wa intaneti, ndipo utoe pesa.

Na usidanganywe na «8+8 GB» ya kumbukumbu ya kazi (nayo huitwa RAM, lakini si ile kodi). Nane ya pili inakopwa kutoka kwenye hifadhi, nayo ni polepole zaidi.

Turudi kwenye umeme, maana ndio unaoua simu nyingi za Lubumbashi. Soma maandishi madogo kwenye chaja. Sehemu ya kuingia iwe 100–240 V, 50/60 Hz. Ya kutoka angalau 5 V na 2 A. Hesabu ni nyepesi: betri ya 5000 mAh kwa volti 3.85 inabeba karibu saa-wati 19. Chaja ya 5 V na 1 A inatoa wati 5, kwa hiyo pamoja na upotevu unahitaji karibu saa tano kuijaza. Yenye 2 A inahitaji nusu ya muda huo. Umeme ukija kwa muda wa saa tatu tu usiku, tofauti hiyo ni simu iliyojaa au simu ya nusu. Pawabenki ya 10000 mAh, kwa upotevu uleule, itajaza simu hiyo mara moja na kitu, si mara mbili kama inavyotangazwa sokoni.

Umeme ukikatika, chomoa. Si baadaye, papo hapo. Hatari iko pale umeme unaporudi: friji, pampu na mota za mtaa mzima zinaanza pamoja, volti inashuka na kuruka, na mruko mmoja unachoma chaja na wakati mwingine saketi ya kuchajia ndani ya simu. Subiri dakika tano mpaka kumi ndipo urudishe. Stabilizateri inasaidia dhidi ya volti inayopanda na kushuka, lakini miruko ya ghafla inaipita. Tunanunua simu ya mshahara mzima kisha tunaitundika kwenye chaja ya bei ya mkate, halafu tunalaani kiwanda! Bajeti ya simu bila bajeti ya chaja haijakamilika.

Zile habari za kuchaji saa nane au kumi na mbili mara ya kwanza ziache, zilikuwa za betri za nikeli. Betri ya lithiamu haipendi kukaa kwenye sifuri wala kwenye mia. Cheza kati ya 20 na 80 inapowezekana. Adui wake mkubwa ni joto, na Oktoba ya hapa, juu ya dashibodi ya gari, inaizeesha haraka. Ndani ya betri hizi kuna kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka upande wa Kolwezi, inapita Kasumbalesa kwenye malori, kisha inaturudia ikiwa ndani ya simu. Sisi wa Katanga, zaidi ya wengine, tungepaswa kujua kuitunza.

Vumbi jekundu la kiangazi hujaa kwenye tundu la chaja na kushindiliwa na kebo. Dalili ni kebo isiyoingia mpaka mwisho. Zima simu, tumia kijiti cha mbao cha meno, kwaruza taratibu ukitoa nje. Sindano itakunja miguu ya shaba. Kioo usikifute kikavu kwa shati, chembe za mchanga zinakikwaruza: kitambaa laini chenye unyevu kidogo, basi. Javeli (dawa ya kung'arisha nguo) kamwe.

Mipangilio michache, haraka. Saa ya simu ikichelewa kwa saa nzima, imechukua saa ya Kinshasa. Zima fuso (saa za eneo) otomatiki na uchague Lubumbashi. Zima upakuaji wa picha na video wa WhatsApp kwenye mega (intaneti ya SIM). Weka namba ya siri (PIN) kwenye kadi ya SIM yenyewe, si kwenye skrini peke yake, kwa sababu mwizi huhamishia kadi kwenye simu nyingine na kuanza kuwaomba ndugu zako pesa kwa jina lako. Ukikosea PIN hiyo mara tatu utaombwa PUK, namba ya kufungulia kadi, iliyoandikwa kwenye plastiki kadi ilimotoka, kwa hiyo usitupe plastiki hiyo. Ukikosea PUK mara kumi kadi imekufa, na utapanga foleni na kitambulisho mkononi kupewa nyingine.